Nafasi Moja Kwenye Kaburi la Kina Durward

Aprili 2
Daftari hili ni la kondoo. Mwaka jana Baba na mimi tulibishana mpaka Juni, kondoo yupi alimkataa mwanawe na yupi chuchu yake moja haitoi kitu, kila mtu akiapa lake. Mwaka huu naandika.

Basi: theluji asubuhi, jua saa sita, theluji tena alasiri. Wa kwanza amezaa nyuma ya ukuta wa juu, mapacha, wote wazima. Baba alipanda mwenyewe kuwaona ingawa daktari amemkataza kilima. Ana miaka themanini na moja na moyo wa kutunzwa kwa vidonge, na ukimwambia akae anakuuliza kama umeshamchimbia kaburi.

Aprili 4
Shangazi Netta, mdogo wake Baba, ambaye humwita Wattie badala ya Walter, amekuja kutoka Forfar na ukoo mzima kwapani. Aliukunjua mezani jikoni, juu ya siagi na skonzi zangu: karatasi ndefu kama zulia la ngazini, kina Durward wote wa shamba hili la Drumfearn tangu 1741, kila mmoja na tarehe ya ubatizo wake kutoka rejista za parokia. Ni kazi ya miaka mingi. Mimi naona majina yaleyale: Charles, William, Alexander, kisha Charles tena. Huku mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na hakuna anayethubutu kubuni.

"Tarehe ishirini na nne Mei," Shangazi akasema, "kina Durward wa Ontario wanakuja, basi zima. Lorne, mzee wao, ndiye anayewaleta. Na wewe, Wattie, utasimama makaburini kama mkuu wa ukoo, utasema maneno mawili, na utavaa suruali safi."

"Maneno mawili ninayo," Baba akasema. "Karibuni. Kwaherini."

Mwaka Mpya Shangazi alimtemesha Baba mate kwenye kijichupa, naye akatema yake kwenye kingine, ili kipimo cha DNA kithibitishe kile ambacho rejista zimeshasema. Majibu bado. Baba anasema wataandika kwamba yeye ni kondoo dume na yaishe.

Shangazi hunichosha, nasema ukweli. Huingia nyumbani kwa mtu na wafu mia moja wala haulizi walio hai wameamkaje.

Aprili 6
Jumapili. Baada ya ibada Baba alipitia kaburini kwa Mama kama kawaida yake, akasugua jiwe kwa mkono wa koti. Makaburi yetu ni matatu chini ya jiwe moja, kila shimo hulaza watu watatu, mmoja juu ya mwenzake, na yote yamejaa isipokuwa nafasi moja juu ya Mama. "Pale juu ya Jean ni pangu," huniambia, kama mtu aliyewekewa kiti kanisani. Leo aliniambia tena. Upepo ulikuwa mkali, nikamwambia asiwe na haraka.

Aprili 9
Watano. Mmoja amekufa. Mvua ya mawe.

Aprili 13
Majibu yamekuja, na Shangazi ameyaleta mwenyewe, kwa basi, bila kofia.

Hivi ndivyo ilivyo. Watu sita wa Ontario walipima pia. Wote ni uzao wa Alexander, kaka yake William. William ndiye babu yao Baba na Shangazi. Kwa hiyo damu ya hao sita na ya hawa wetu wawili ilipaswa kukutana. Hao sita wanalingana wao kwa wao vizuri kabisa. Baba na Shangazi wanalingana kama ndugu walivyo. Lakini kati ya Ontario na Drumfearn hakuna kitu. Hata tone.

"Wakanada hao wamechanganya vichupa," Shangazi akasema.

"Wote sita?" nikauliza.

"Usinijibu kwa hesabu, Elspet."

Halafu kuna jambo jingine. Anayelingana na Baba na Shangazi kwa karibu ni mtu wa Dundee, S. Mudie, na nyuma yake kundi zima la kina Mudie ambao hakuna aliyewahi kuwasikia. Baba alisikiliza huku akikoroga uji wake wa chumvi. Alisema kina Mudie aliowajua yeye walikuwa wauza samaki. Kisha akatoka kwenda zizini na uji akauacha.

Aprili 15
Mvua. Tisa leo. Baba amekula nusu bakuli.

Aprili 17
Shangazi alikuwa ameagiza kipimo cha pili, kile kinachofuata baba kwa baba, mwanamume kwa mwanamume. Kimejibu leo. Baba si Durward. Si kwa mate yake, wala kwa chochote mwilini mwake.

Alikuwa ameketi na buti zake miguuni, matope sakafuni, na sikumkaripia. Shangazi ndiye aliyeanza kusema, na afadhali asingefanya.

"Basi ni Margaret," akasema. Margaret alikuwa mama yake William, mke wa Charles aliyelima hapa miaka ya 1850. "Alikuwa na mtu pembeni. Mwanamke wa shamba, mume yuko sokoni siku tatu—"

Baba akapiga meza. Sijamwona akipiga meza tangu Mama alipofariki. "Umeketi kwenye kiti chake! Unakula mezani pake! Marehemu hana mdomo wa kukujibu, nawe unamvua nguo mbele ya mwanangu!"

"Damu haidanganyi, Wattie."

"Basi nenda kanywe chai na damu. Hapa ni kwangu." Nilimwona akilisikia neno lake mwenyewe. "Kama ni kwangu," akasema.

Shangazi alikunja karatasi yake vibaya, ikachanika pembeni, akaondoka akilia. Nilimpa vidonge vyake njiani mpaka kituo cha basi. Nilimwambia ameishi miaka yote hii akichimbua watu waliolala, na sasa amemfukua kaka yake akiwa hai. Alipanda basi bila kunijibu wala kuniaga. Ndiyo mara ya kwanza.

Aprili 19
Theluji tena, ile nzito yenye maji. Wawili wamekufa kwa baridi. Baba hakuniuliza ni wa nani.

Aprili 21
Leo, akinoa kisu cha kwato, Baba aliniambia bila kuniangalia: "Nikifa, usinizike pale."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Kaburi lile ni la kina Durward," akasema. "Jean aliolewa akiamini ni Durward, ana haki yake. Mimi je? Nimelala kwenye shamba la watu miaka themanini na moja. Sitalala na kwenye kaburi lao. Kuna sehemu mpya nyuma ya ukumbi wa kijiji, inatosha."

"Baba, na Mama?"

"Jean atanielewa."

"Hatakuelewa hata kidogo! Miaka kumi na moja umemwambia unakuja!"

Aliendelea kunoa. Jana alimpigia Lorne simu na kumwambia nafasi ile ni ya Ontario, wachague mtu. Amempa! Nafasi aliyoisugua kila Jumapili amempa mtu ambaye hajawahi hata kumwona. Nilitoka nje nikalia nyuma ya trekta, kisha nikarudi kwa sababu kondoo mwekundu wa malisho ya chini alikuwa anasukuma na kichwa tu kimetoka.

Amezaa salama. Jike.

Aprili 24
Jua. Kumi na mmoja. Baba haendi makaburini.

Aprili 26
Yule jike mwenye pembe moja alizaa mfu alfajiri, naye analia mpaka unaziba masikio. Zizini tulikuwa na yatima mmoja, mama yake alikufa Alhamisi. Nilimletea huyo yatima, akamnusa, akampiga kichwa mpaka ukutani. Mara tatu.

Baba akaja. Alimchuna yule mfu polepole, ngozi nzima kama koti, akaacha matundu manne ya miguu. Vidole vyake vimepinda kwa baridi yabisi, lakini kwenye kazi hiyo havitetemeki. Akamvika yatima ngozi ya mwenzake, akamvuta mikono na miguu kama mtoto anayevishwa kwenda shule, akamweka chini. Jike alimnusa mkiani. Alimnusa tena. Halafu akatoa ile sauti ndogo ya kooni na kusimama anyonywe.

Nimeiona kazi hii tangu nikiwa mdogo na bado hunifanya nisimame. Nilimtazama Baba badala ya kondoo. Alikuwa anatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu majibu yale.

Aprili 30
Shangazi amerudi. Nitaandika vizuri, maana leo nimemuona mtu ambaye sikuwa nikimjua.

Alisimama mlangoni, mvua ikimchuruzika, akasema: "Sikuja kwako, Elspet, kwa hiyo usianze. Nimekuja kumwomba radhi Margaret, na hapa ndipo alipokaa."

Baba akamsogezea kiti. Kilekile.

Wiki nzima alikuwa Edinburgh, kwa rafiki yake, akisoma karatasi za parokia yetu. Si ubatizo. Ubatizo alikwishausoma. Alisoma zile ambazo watu huziruka: malipo ya kukodi mahameli. Zamani kanisa lilikuwa na kitambaa cheusi cha mahameli cha kufunika jeneza, nawe ulilipa kukikodi, na kulikuwa na kidogo cha watoto. Novemba 1852, mahameli ndogo, mtoto wa Charles Durward, Drumfearn.

"Mtoto yupi?" Baba akauliza.

"William."

"William ni babu yangu. Nimekaa mapajani pake... la, alikufa kabla yangu. Lakini baba yetu alikaa."

"William alibatizwa Machi 1852," Shangazi akasema, "na Novemba akafa. Mimi niliona ubatizo wake, nikaona William mwingine kwenye sensa ya 1861, nikawaunganisha. Mtu yule wa sensa ameandikwa ana miaka saba. Alipaswa kuwa na tisa. Nilisema mwandishi wa sensa alikuwa mlevi." Akafuta miwani. "Nyumba hizi jina la mtoto aliyekufa hupewa anayefuata. Hata mtoto wa jirani anajua hilo. Na mimi, mwenye kujua kila kitu, nilipita juu yake na viatu."

Lakini William wa pili hana ubatizo popote. Akaenda kwenye kumbukumbu za baraza la wazee wa kanisa, lile lililowaita wasichana waliopata mimba bila ndoa na kuwahoji mbele ya watu. Na pale, Februari na Machi 1854, yuko Isobel Tosh, mtumishi wa Drumfearn, umri miaka kumi na tisa. Wamemwita Jumapili tatu wamuulize baba wa mtoto ni nani. Jumapili tatu amekataa. Na kwa kuwa amekataa, mchungaji hakumbatiza mtoto.

"Aha," nikasema. "Charles mwenyewe."

"Ndivyo walivyosema hata wao! Lakini kama ni Charles, Wattie angekuwa na damu yake. Hana. Hakuwa Charles. Charles hakumgusa." Shangazi akainua kidole. "Sasa sikilizeni. Wakamwita Margaret, wamuulize kwa nini anamweka mwanamke wa namna hiyo nyumbani kwake. Ameandikwa alivyojibu. Alisema msichana ni wake na mtoto ni wake, na kwamba uji wa Drumfearn haupikwi na baraza la kanisa."

Baba alicheka. Alicheka mpaka akakohoa, nikamletea maji.

Mwaka uliofuata Isobel alikwenda kwenye viwanda vya kitani vya Dundee, kwa sababu bwana gani wa shamba angemwajiri tena huku? Mtoto alibaki. Na huyo mtoto aliyenyimwa maji ya ubatizo, Margaret alimpa ubatizo wa mwanawe. Jina lilikuwapo kwenye rejista, limekaa bure, nani angekwenda kuuliza? Wakati wa shule William, wakati wa ndoa William, mwana wa Charles Durward na Margaret, amebatizwa Machi 1852. Aliishi na miaka miwili isiyo yake maisha yote.

Baba alitazama mikono yake.

"Alimvika ngozi," akasema.

Shangazi hakuelewa, nikamweleza baadaye. Alilia tena. Na mimi nikamwomba radhi kwa yale ya kituo cha basi. Mtu aliyefanya kosa akiwa peke yake, bila shahidi, angeweza kulifunika na kuendelea na karatasi yake nzuri. Yeye alilibeba mpaka hapa kwenye mvua. Namheshimu, na nimemwambia.

Nilidhani yameisha. Lakini Baba alipokuwa akipanda kulala alisimama kwenye ngazi. "Mwanamke yule alikuwa mtu," akasema. "Lakini ni hisani, Elspet. Alitupa hisani, nasi tukaifanya haki. Nafasi ile ni ya Lorne."

Mei 3
Joto la kwanza. Nyasi zinaanza kweli. Yatima bado ana koti lake.

Mei 8
Nilijaribu tena kuhusu kaburi. Alisema, "Elspet, nimesema." Basi.

Mei 10
Bila kumwambia mtu nimemwandikia S. Mudie wa Dundee barua pepe. Nimemwambia kila kitu na kumwalika Mei 24. Amejibu kabla sijanywa chai: Senga, dereva wa basi mstaafu, mama mzazi wa babu yake aliitwa Isobel Tosh na aliolewa na Peter Mudie, na je, aje na keki?

Mei 17
Wa mwisho amezaa. Tumepoteza saba msimu wote, si vibaya. Baba amekonda.

Mei 24
Watu wa Ontario walishuka kwenye basi na miavuli, na jua lilikuwa linawaka. Lorne ni mtu mkubwa, mwekundu, anayeshika mkono wako kwa mikono miwili. Shangazi aliwapanga makaburini kwa vizazi, kwa sauti ya mwalimu wa michezo, na karatasi mpya iliyobandikwa ubaoni, ambayo kati ya Margaret na William ameacha mstari wa nukta.

Baba alikuwa na suruali safi. Alisimama mbele ya jiwe, kofia mkononi, na hakusema maneno mawili. Alisema yote. Mahameli, Isobel, baraza la kanisa, uji. Hakujificha mahali. Mbele ya watu hao wote waliovuka bahari kumuona mkuu wa ukoo, alisema: "Mimi si damu yenu. Babu yangu aliokotwa na bibi yenu, naye alifanya kazi katika shamba hili kama mwana, na baba yangu, na mimi. Tumelitunza. Ila haki ni yenu, na nafasi iliyobaki humu ni yenu." Nilijivuna kuwa mwanawe kuliko siku yoyote, na papo hapo nilitaka kumziba mdomo.

Lorne alifuta macho wazi wazi. "Drumfearn," akasema, maana tulimfundisha kwamba mkulima huku huitwa kwa shamba lake, "mimi nina kaburi limelipiwa kule kwetu Guelph, mke wangu yuko humo. Sisi tuliondoka. Nani anataka shimo la mtu mwingine? Lala na mkeo, mzee!"

Wote wakapiga makofi. Baba aliwashukuru kwa adabu. Nilimjua vizuri, nikaona uso wake haujabadilika. Kwake ilikuwa hisani tena, ya pili sasa.

Ndipo langoni akatokea mwanamke mfupi mwenye nywele za zambarau, sanduku la keki mikononi, akihema.

"Basi limechelewa, nami ningeliendesha bora! Wattie yupi?"

"Ni mimi," Baba akasema.

"Toba! Una pua ya baba yangu, maskini wewe." Akampa keki aishike. Shangazi, ambaye hawezi kumwona mtu bila kumwandika, alikuwa tayari na kalamu.

"Jina kamili?"

"Senga. Kwenye vyeti ni Agnes Durward Mudie, lakini ukiniita Agnes sitageuka."

Kalamu ya Shangazi ikasimama. "Rudia la katikati."

"Durward. Mtoto wa kwanza wa kike kwetu lazima awe nalo. Mimi, shangazi yangu, shangazi yake kabla. Wa kwanza kabisa alikuwa binti wa Isobel mwenyewe, Margaret Durward Mudie. Tulidhani ni jina la mtaa." Akatutazama. "Mbona mnanikodolea macho? Nimesema nini?"

Shangazi alijaribu kumweleza Lorne, akashindwa, nikasema mimi. Huku binti wa kwanza hupewa jina la bibi yake mzaa mama. Hilo halivunjwi. Isobel alikuwa na mama yake huko kwao, mzima kwenye sensa, akalivunja. Nafasi ya mama yake aliiweka kwa Margaret Durward, jina zima.

Baba aliketi kwenye ukuta mfupi, keki mapajani. Senga akaketi naye.

"Isobel hakumchukulia Margaret kama mtu wa hisani," Baba akasema. Hakuwa anasema nasi. "Alimchukua awe mama yake." Kisha akamgeukia Senga. "Basi yule mtoto hakuokotwa. Aliachwa kwa bibi yake."

"Kwa nani tena, kaka?" Senga akasema. "Wewe ungemwacha kwa nani?"

Baba alilia pale mbele ya Ontario yote, na hakuna aliyeangalia pembeni. Kisha akakata keki kwa kisu cha kwato.

Jioni alimpigia mchonga mawe simu mwenyewe, akapiga kelele kama anavyopiga kwenye simu siku zote. Alimwambia aandike Isobel Tosh chini ya Margaret, na chini ya Jean aache nafasi.

Mchonga mawe akauliza nafasi ya ukubwa gani.

"Walter Durward," Baba akasema. "Na usinibane."